Italia Yaungana Kondoa

Italia itaungana Alhamisi saa nne asubuhi, na kila mtumishi ahudhurie bila kukosa. Tangazo hilo lilibandikwa Kondoa siku ileile mzee wa Kiitaliano aliposhuka kwenye basi la Dodoma, bila taarifa, akiulizia njia ya kwenda Kolo kuona michoro ya miambani. Bwana Swalihu, mkuu wa Idara ya Mahusiano ya Mbali, hakuamini kwamba mtu mzima anaweza kutoka Ulaya kuja kutazama mawe. Akaamua kuwa ni ujumbe wa serikali, na ujumbe huandaliwa igizo.

Kazi ya kuigiza kuungana kwa nchi ya mgeni akapewa Salwa, mhitimu wa historia aliyekuwa akijitolea ofisini hapo huku akisubiri mkataba ambao Bwana Swalihu alikuwa hajausaini. Aliwaeleza wakuu wa vitengo kwamba Italia ilikuwa vipande vipande, kila kipande na mtawala wake, hadi watu wa kawaida walipokubali kufa ili wawe nchi moja. Wakuu waliguswa sana. Kila mmoja akachagua kipande chake cha kutawala. Afisa usafiri alichukua Venisi, mji uliojengwa majini, akaomba mafuta ya boti.

Tatizo likawa Garibaldi, jemadari wa muungano huo. Salwa alisema huyo aliteka kusini yote, akaikabidhi kwa mfalme, akarudi kisiwani kwake kulima.

"Bila posho ya makabidhiano?" Bwana Swalihu aliuliza.

"Bila posho, mkuu."

"Basi huyo hakuwa kiongozi. Mtafutie mtu wa sokoni."

Akapatikana Batuli, muuza alizeti, ndani ya jezi ya mwanawe, nyekundu kama mashati ya jeshi la Garibaldi. Wenzake wa sokoni wakawa wananchi wa Italia.

"Mwanangu," Batuli alimwambia Salwa, "kila sherehe sisi tunapigishwa vigelegele juani. Tukishaungana, tunakaa wapi?"

"Meza kuu, mama. Nakuahidi."

Alhamisi meza kuu ilivikwa kitambaa cha satini, ikapangwa maji ya chupa na maua ya plastiki. Watawala wakaketi. Mshehereshaji, Rajabu, alizingatia itifaki kwa muda ambao ungeitosha Austria, adui wa muungano, kuvamia mara mbili. Kisha kila mtawala akaombwa kuachia kiti ili nchi iungane, na kila mmoja akasema anaunga mkono muungano akiwa amekaa. Toskana iliomba mchakato. Napoli iliunda kamati ndogo. Mgeni alicheka hadi akafuta machozi, na Bwana Swalihu akatangaza kuwa mgeni ameguswa.

Kisha akamsogelea Salwa. "Onyesho la mwisho, la wananchi kuja meza kuu, ruka, nafasi hakuna. Ukibisha, usiniulize tena habari za mkataba."

Salwa alimtazama Batuli, amesimama juani, anangoja aitwe. Akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Wananchi wa Italia, karibuni meza kuu."

Batuli alivikagua viti, vyote vina watu. Hakumwomba mtu asogee. Alishika pembe moja ya meza, wenzake wakashika zilizobaki, wakaibeba na maji yake na maua yake hadi kwenye mikeka yao, huku wakiimba. Mgeni akaifuata. Rajabu, ambaye maisha yake yote ameelekea meza kuu ilipo, akageuka na kuanza upya: "Mheshimiwa Batuli..."

Watawala wa Italia wakabaki kwenye viti, magoti nje, wamepangana kama wanaosubiri sindano.

Bwana Swalihu akamwita Salwa kwa kidole. Alijua anachoitiwa. Kwanza akafungua chupa ya maji, akampa Batuli. Ndipo akaenda.