Friji Limeingia, Mlango Umetoka

Jamani, leo nimejiumbua mwenyewe, mchana kweupe, na mashahidi ni mtaa mzima. Naandika nikiwa nimejifungia ndani. (Mlango umerudi. Subirini, tutafika.)

Mnajua nauza soda na maziwa mgando hapa nyumbani Bariadi, kwenye ndoo ya barafu. Saa nne asubuhi barafu imeshakuwa maji. Wateja wananiuliza, "Mama Kulwa, hii soda au chai?" Basi baada ya kuuza pamba nikajikusanya, nikanunua friji la dukani. Lile refu la kioo, la milango miwili. Limetumika, lakini bado zuri. Akiba yangu yote imo mle. Likiharibika au likiibwa, narudi kwenye ndoo.

Na mimi nishawahi kutapeliwa. Mwaka juzi nilinunua simu stendi, boksi limefungwa vizuri kabisa. Kufika nyumbani, kufungua: kipande cha sabuni. (Tuliifulia. Haikutoa hata povu.) Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Siku hizi hata padri akiniazima kalamu, naiangalia mpaka irudi.

Asubuhi friji likaja kwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo, limelazwa, na nyuma yake, kwa pikipiki, fundi wa kulifunga. Anaitwa Sayi. Mwembamba, mpole, haongei sana. Hapo hapo nikaanza kumtilia shaka. Upole wote huo wa nini?

"Mwangaluka mayu," akaniamkia Kisukuma, yaani habari za asubuhi mama.

"Mwangaluka."

"Baba yupo?"

"Anarudi sasa hivi." (Yuko Nkoma shambani, harudi mpaka Jumamosi.)

"Na huyu mbwa anang'ata?"

"Sana!" (Mbwa mwenyewe anaogopa kuku.)

Akatoa futi. Akapima mlango. Akapima dirisha. Akaandika vipimo kwenye kiganja, akatikisa kichwa.

"Hapa halipiti. Tuung'oe mlango."

Nikaona mlango wangu ukitolewa kwenye bawaba na kuegeshwa ukutani, nje. Wakaliingiza friji, likasimama sebuleni, limejaza ukuta mzima. Kwa kweli nilifurahi. Kirikuu ikaondoka, nikashika waya nichomeke.

"Mayu, usiwashe! Limelala njiani. Liache mpaka jioni, gesi itulie."

Itulie? Kwani imetoka Dar na basi? Moyoni nikasema huyu anatafuta muda. Mara akatoka na simu, akaenda kuongelea nyuma ya jiko. Nikachukua ufagio nikamfuata. (Uwanja nilikuwa nimeshaufagia alfajiri.) Nikamsikia kwa masikio yangu haya:

"Eeh, mlango nimeshang'oa... Yupo mama peke yake... Hapana, hana gadi. Nimeangalia, hana kabisa... Hili bila gadi linaondoka leo leo. Tuje wote wawili."

Ufagio ukanidondoka.

Akarudi anatabasamu. "Mayu, nafika mjini mara moja. Narudi na mwenzangu."

"Na mlango?"

"Skrubu zake zimeliwa. Naleta nyingine."

Zimeliwa! Na nani? Akapanda pikipiki huyo. Mimi nikabaki na friji la kioo, nyumba haina mlango, na mbwa anayekimbia kuku. Nikaweka kiti pale mlangoni, nikakaa na mwiko mkononi. Maziwa yakafurika jikoni, sikunyanyuka.

Saa saba hivi pikipiki ikatokea. Watu wawili. Yule wa nyuma ana mabega mapana kama mlango wangu niliokuwa nimenyang'anywa. Wakasimama mbali, wakawa wananyooshea kidole upande wa nyumba yangu. (Baadaye niliambiwa walikuwa wanaangalia nguzo ya umeme.)

Nikapiga mwano.

Kwa msiotoka huku kwetu: mwano ni lile yowe la ng'ombe wameibwa. Ukiusikia unaacha hata ugali, unabeba fimbo, unakimbia. Nimeolewa kutoka Bukundi, kwa wafugaji. Mwano naujua kuupiga!

Wakaja. Jamani, wakaja! Wenye fimbo, wenye mapanga, kinyozi na mashine yake, mteja wake kichwa nusu. Mbele kabisa Mzee Masunga, kamanda wa sungusungu wa mtaa, jasho linamtoka.

"Wameelekea wapi?"

"Nani, baba?"

"Ng'ombe!"

"Sina ng'ombe. Ni friji."

"Friji limeelekea wapi?"

"Lipo ndani."

Akachungulia. Kweli lipo. "Sasa kilichoibwa ni nini?"

"Bado."

"Bado nini?"

"Bado hakijaibwa. Wezi ndio wale wanakuja! Amesema sina gadi, sina mlinzi!"

Watu wakawazunguka wale wawili, fimbo juu. Fundi Sayi akainua mikono, uso umekuwa wa majivu, ameshika kiboksi. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Ingekuwa zamu ya vijana wenye hasira, neno langu moja lingemuua mtu.

Bahati Mzee Masunga ni mtu wa kuuliza kwanza. "Huyo gadi yuko wapi?"

"Huyu hapa," akasema Sayi, akainua boksi.

"Gadi ameingiaje humo?"

Likafunguliwa. Kidude cheupe cha kuchomeka ukutani, kina taa tatu. Friji gadi! Cha kulilinda friji lisiungue umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo. Yule mwenye mabega? Fundi umeme, amekuja kunifungia soketi. Mfukoni mwa Sayi, skrubu sita mpya.

Mwenye kichwa nusu akaanza kucheka, na mtaa mzima ukamfuata.

Nikamwomba Sayi msamaha, machozi yananitoka. Akasema, "Yameisha mayu. Ila siku nyingine nikija kwako, gadi nitakuja naye wangu mimi."

Mzee Masunga hakucheka. "Mwano haupigwi bure. Watu wameacha kazi zao. Waliokimbia lazima wanywe."

Nikatoa kreti zangu zote za soda nilizoandaa kufungulia biashara. Zikanywewa hapo hapo uwanjani, na maziwa mgando juu. Na bado wakanung'unika! Bibi mmoja akaonja, akalitazama friji, akanitazama mimi: "Lidude lote hilo, soda ya moto?"

Sasa ni jioni. Mlango umefungwa, taa ya gadi ni ya kijani, friji linanguruma vizuri, baridi safi kabisa. Ndani hamna hata chupa moja.

Atakayecheka nampigia mwano. Najua hakuna atakayekuja.