Fotey ya Mwenye Mutoto wa Mbali

Jumatatu, tarehe 4 août, mwezi wa nane

Arusi ya Alliance, binti wa jirani, ni Jumamosi. Mama yake, Maman Hortense, amekodi fotey moja nyekundu, kiti laini cha heshima. Wengine wote, viti vya plastiki! Amesema ataikalia muzazi ambaye mutoto wake iko mbali zaidi. Katika mtaa wetu tuko wawili tu: mimi na Tharcisse. Emerance wangu iko Toronto, Kanada. Fiston wake iko Perth, Ostralia. Matako yangu yamekwisha kuchagua.

Jumanne, tarehe 5 août

Mukwe wangu Chancelle amepima katika telefone, kutoka uwanja wa ndege wa Bunia. Perth: kilometre karibu elfu kumi. Toronto: elfu kumi na moja na zaidi! Mbio kwa Tharcisse. Akajibu eti kilometre haichokeshi mutu, masaa ndiyo safari. Fiston alikaa njiani siku mbili nzima. Nikamuuliza kama alikuwa anaruka ama alikuwa analala kwenye benchi ya Dubai. Kama ni masaa tu, kamio ya mizigo ya kwenda Kpandroma, ikikwama katika matope wakati wa mvua, inaenda mbali kuliko Ostralia! Hortense, aliyekuwa pale, alicheka mpaka akashika ukuta. Fotey yangu! Sharti moja: siku ya arusi atamupigia Emerance, atusalimie kutoka Kanada, watu wasikie kwa mikro.

Alhamisi, tarehe 7 août

Telefone ya Emerance imefungwa tangu jana. Kazi, bila shaka. Tharcisse amepita. Nimemushauri Jumamosi alete muto, plastiki inabana.

Ijumaa, tarehe 8 août

Eeh Mungu wangu! Pikipiki mulangoni. Valizi mbili. Emerance! Ananikumbatia, analia, eti alitaka kunishitusha, miaka sita hatujaonana. Amenishitusha! Nikauliza: nani amekuona? Akasema kumbe siku hizi ndiyo salamu hiyo, papa. Nikamusukuma jikoni na valizi zake. Mutoto wangu wa mbali, sasa iko metre tatu! Nimemuomba ajifiche mpaka Jumapili, na kesho wakipiga aseme theluji inaanguka. Amesema Kanada sasa ni joto kali. Nimemuambia hapa mtaani Mudzipela nani anajua?

Jumamosi, tarehe 9 août

Fotey ni laini, haki ya Mungu. Tharcisse nyuma, plastiki. Hortense akapiga, mikro juu ya telefone. Ikalia. Ikalia tena, kule kwenye masufuria ya sombe, majani ya muhogo! Harufu ilikuwa imemutoa jikoni kwetu. Emerance, sahani mukononi, akajibu: alo? Tukamusikia mara mbili, kwa mikro na kwa masikio. Arusi nzima iligeuka. Yesu! Tharcisse akainama sikioni pangu, akauliza kwa adabu kabisa kama kutoka hapa mpaka kwenye sombe wanaomba viza. Nikasimama. Akakalia joto langu. Emerance akaja kuketi karibu nami, plastiki kwa plastiki, akanipa nyama yake yote.

Jumapili, tarehe 10 août

Emerance anabaki mwezi muzima. Anasema alinikosa sana. Nimelia kidogo, moshi wa jikoni. Lakini jirani Willy anaoa mwezi wa kumi na mbili, na fotey itakuwa ileile. Nimemuomba Chancelle atafute uwanja wa ndege unaopita Perth na Toronto kwa umbali. Amepata: Nouvelle-Zélande, inchi yenye kondoo wengi kuliko watu.

Wakati wa chai nimemuuliza Emerance, polepole, kama anapenda kondoo.