Kidevu cha Susu

Leo nimeharibu sura ya mama mzee wa watu, na nilitumia kalamu. Acheni nieleze mwenyewe kabla Kioko hajafika hapa saiba, kwenye kompyuta za kulipia, akawapa habari kwa mtindo wake.

Mnajua tangu nimalize chuo, Jumamosi huwa niko kwa kina Kioko, hapa Machakos mjini, tukijifunza kuchora kwa kalamu ya kuchovya wino. (Siendi kwa sababu ya dada yake, Mwende. Sawa, siendi kwa sababu yake peke yake.) Tunajifunza kwa mchezo. Kila mtu anaanza picha yake. Kioko akipiga makofi, unampitishia jirani wa kulia, naye anaongeza kitu kwa njia iliyotajwa: mistari sambamba, mistari ya kukatana, au vitone. Na hukatai karatasi iliyokufikia.

Leo tulikuwa tumefika kwa vitone. Kioko alipopiga makofi, Mwende, anayekaa kushoto kwangu, alikuwa jikoni akiangalia chai. Sikupitishiwa kitu. Nikawaza: nikikaa bure, nitaonekana sijui. Nikimwita, nitaonekana siwezi kukaa bila yeye. Nikanyoosha mkono, nikachukua karatasi iliyokuwa mbele ya kiti chake.

Ilikuwa na uso wa mama mzee, umechorwa vizuri hadi nikaogopa. Lakini kidevu kilikuwa cheupe kabisa. (Kioko ametuambia mara nyingi kwamba kwa wino, mwanga hauchorwi, unaachwa. Hilo nililikumbuka baadaye.) Mimi nikawaza: kwa nini kidevu kiachwe? Huu ni mtihani. Ama Mwende ameniachia nafasi kwa sababu ananiamini.

Nikatia vitone. Vichache kwanza. Vikafanana na tetekuwanga, nikaongeza vingine ili vishikane. Vikashikana. Nikasogeza karatasi mbali nitazame vizuri.

Yule mama alikuwa ameota ndevu.

Mtu mwenye akili angeachia hapo. Mimi nikalamba kidole, nikasugua. Wino ulikuwa bado mbichi. Ndevu zikafika masikioni.

Mwende akaingia na birika. "Hiyo umeitoa wapi?"

"Si ni ya mchezo?"

"Ya mchezo iko hapa chini ya sahani. Huyo ni Susu."

Susu ndiye nyanya yao, anaishi Katangi. Hajawahi kuchorwa maishani. Picha ilikuwa zawadi yake, Mwende ameihangaikia tangu mwezi uliopita, na Susu mwenyewe alikuwa njiani kuja kuichukua.

Kioko akaleta wembe tukwangue wino. Akaangalia karatasi, akarudisha wembe. Mwende aliketi, akaivuta picha upande wake, mbali na kalamu yangu.

Susu akafika. Nikafikiria dirisha. (Lina vyuma.) Akaomba picha yake. Akaishika mbali, kisha karibu.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, Susu," Mwende akasema polepole.

"Na hizi ndevu ni za nani?"

Kioko, rafiki yangu tangu darasa la kwanza, akaninyooshea kidole.

Nikasimama. "Ni mimi, Susu. Nisamehe."

"Wewe umesoma mpaka wapi, mjukuu wangu?"

"Nimemaliza chuo kikuu, Susu."

"Na huko kote hakuna mahali walikuonyesha mwanamke?"

Kioko aliteleza kwa kiti. Mwende alicheka mpaka ikabidi aweke birika chini.

Mwende alipovuta pumzi, akasema atachora nyingine. Susu akakataa.

"Hii naenda kuiweka mlangoni. Niko na kuku wengi na hakuna mwanaume kwa boma. Wacha hao wezi wakutane na huyu." Kisha akanisukumia kalamu. "Weka jina lako hapo chini. Lakini ni la ndevu tu. Macho ni ya Mwende."

Nikaandika jina langu karibu na la Mwende.

Kwa hiyo kazi ya kwanza kutoka mikononi mwangu inaenda kulinda kuku Katangi. Kama ni lazima mcheke, malizeni kabla ya Jumamosi ijayo, kwa sababu Mwende amesema nisikose.