Kokoto Ndani ya Ukulele

Jumatatu, 4 Agosti
Nimeanza mazoezi ya ukulele. Mwenye nyumba wangu, Mama Nyamizi, kaitazama kwa huruma na kuuliza hilo gitaa litakua lini. Evelina kanikubalia nipige kwenye harusi ya kaka yake Jumamosi, kwa sharti kwamba wanaokaa nyuma wasikie. Otmar, mpiga kinanda mwenye spika kubwa kama makabati, kacheka mpaka kakohoa. Nampenda Evelina. Otmar naye anampenda. Basi ni vita!

Jumanne, 5 Agosti
Nimefunga waya wa breki ya baiskeli badala ya nyuzi. Mlio mtamu, kwa sekunde moja. Kisha kijiti cha kushikia nyuzi kikang'oka na kunipiga kidevuni. Nimerudisha za nailoni. Bongo Fleva yote inatoka kama mbu ndani ya chandarua.

Jumatano, 6 Agosti
Nimepata! Wacheza ngoma wetu hufunga njuga miguuni. Ukulele haina miguu, lakini ina tundu. Nimeokota kokoto machimboni nikazitia ndani. Chaka-chaka-chaka! Nimepiga wimbo wa redioni barabarani hapa Maganzo, madalali wa almasi wote wakasimama. Hakuna aliyetazama vidole vyangu. Macho yote kwenye tundu. Hawa ndio wapenzi wa muziki.

Alhamisi, 7 Agosti
Mzee Eustace, dalali mkubwa, mvi kichwa kizima, kaniamkia shikamoo. Mimi! Nimeitikia marahaba, ningefanyaje? Kaniuliza kwa kunong'ona kama mzigo nauuza. Nimemwambia muziki wangu si wa kuuza. Kavua kofia. Jioni babake Evelina, Mzee Athanas, kanipa kiti chake mwenyewe, kaniita mkwe na kunishukuru kwa Kisukuma, wabeja, wabeja, wakati hata sijafanya kitu. Kanisihi nisiiache ukulele popote. Otmar hakuitwa chochote.

Jumamosi, 9 Agosti
Aibu! Nilipofika kwenye kiitikio niliitikisa kwa nguvu, kokoto ikaruka kutoka tunduni. Harusi nzima chini! Bwana harusi kapiga magoti na suti yake, Mzee Athanas kaingia chini ya meza ya keki, hata Otmar kaacha kinanda. Kimya kabisa. Mimi nikaendelea kupiga, maana huko nyuma sasa walikuwa wanasikia. Mzee Eustace akaiokota, akaiinua kwenye mwanga, akatangaza kwamba si almasi, ni kokoto tu. Wakaipasua ukulele kuhakikisha zilizobaki. Mzee Athanas kasema hana mkwe. Nimelia nyuma ya jiko la pilau. Nimeumia sana, sifichi.

Jumapili, 10 Agosti
Baada ya misa Evelina kaja na vipande ndani ya kitenge, na gundi. Tumeviunga pamoja. Kasema jana yeye ndiye alikaa nyuma kabisa, na kwenye kile kimya alinisikia vizuri. Kaniomba nimpigie tena, bila kitu ndani. Nimepiga. Kaimba, kafumba macho. Kisha kaniuliza, Wilbard, umeelewa sasa?

Nimeelewa sana. Kokoto ni kubwa mno, ndiyo maana zinaruka. Kesho naenda Kharumwa kuchukua mchanga laini, kule wanakoosha dhahabu.