Picha Kubwa kwenye Tovuti ya Kituo cha Nyota

Jumatatu, 4 Novemba
Daktari amesema moyo wangu umechoka, nitengeneze mambo yangu. Ninalo moja tu: nisife kabla sura yangu haijakaa vizuri kwenye tovuti ya kituo cha nyota cha Qorasoy. Naandika ukweli mtupu. Mtu aliye karibu na kaburi hana haja ya kujipamba. (Nilikuwa mwanafalaki bora kuliko wote pale. Huko si kujipamba.)

Wakubwa wa mji mkuu wameamuru taasisi zote zitumie kiolezo kimoja cha tovuti. Kilitengenezwa kwa ajili ya wataalamu wa pamba! Nigora, katibu wetu anayejaza kurasa, haruhusiwi kufuta kichwa chochote. Kwa hiyo sisi watazama nyota tuna ukurasa wa "Mazao Yetu". Ameweka sayari ya Zohali. Msimu wa kuvuna: mwaka mzima.

Jumatano, 6 Novemba
Nimemwita Nigora nyumbani, nikamlisha palov, pilau yetu, akanionyesha tovuti kwenye simu. Aibu! Kwenye "Wafanyakazi na Wastaafu" nina picha ndogo kama ukucha. Na juu yangu kakaa nani? Sobirjon, mstaafu mwenzangu! Aliyewahi kutangaza nyota mpya, kumbe taa ya mchungaji mlima wa pili! Nigora akajitetea: "Domla, mwalimu wangu, si mimi, ni alfabeti. Yeye Sobirjon, wewe Turdiqul." Nikamwambia hata alfabeti ina wivu.

Ndipo nikaona kichwa cha "Kumbukumbu". Nafasi ya mtu mmoja, ukurasa mzima, sifa tele. Nikasema aniweke humo. Akababaika: "Lakini Domla, pale ni pa wale walio..." Nikamkatiza. Mgonjwa habishiwi. Akaendelea kula.

Ijumaa, 8 Novemba
Nimetoka! Picha ya ujana wangu, mkono juu ya darubini, nimejaa skrini nzima! Kona ya picha ina utepe mweusi. Kiolezo huuweka chenyewe. Maana yake naijua, kila mtu hapa anaijua. Nikajiambia watu hawatazami kona.

Watu wametazama kona. Kabla ya adhuhuri wanaume wa mtaa wamejaa langoni, mishipi juu ya majoho kama desturi ya msiba, wakilia. Jirani amebeba sufuria ya osh, pilau ya matanga. Mke wangu Salomat alikuwa akifagia majani ya mzabibu, akauliza nani kafa. Wakamwambia ni mumeo, dada, jikaze. "Huyo? Sasa hivi kamaliza mayai yangu yote!"

Ningetoka. Wallahi nilishika kitasa. Mara nikasikia Sobirjon akinisifu! Nikarudi nyuma ya pazia. Alisema nilikuwa jicho la Qorasoy. Machozi yakanitoka. Kisha akaongeza kwamba lilikuwa jicho bovu, maskini, maana niliwahi kupima mvuke wa pumzi yangu kwenye kioo cha darubini nikauita wingu la nyota. Watu wakacheka. Matangani! Nikatoka na nguo za kulalia: "Lilikuwa wingu la nyota, mpumbavu we!" Imamu akaketi chini ghafla. Jirani akaondoka na sufuria yake. Na osh ikiwa ndani!

Jumamosi, 9 Novemba
Mkurugenzi wa kituo amepiga simu. Sitaki kuyaandika aliyosema. Salomat ndiye aliyenichoma zaidi: "Siku utakayokufa kweli, baba, hakuna atakayekuja. Watadhani umeanza tena. Nitakuzika na nani?"

Hilo limenikaa kifuani siku nzima. Nimempigia Nigora anirudishe kwa walio hai, chini ya Sobirjon. Nimewasamehe wote. Nafsi imetulia. Sasa naweza kufa kama watu wengine.

Jumapili, 10 Novemba
Nigora amepita kunijulia hali. Akacheka, nikamuuliza kulikoni. Sobirjon kamfuata mpaka kwake na picha ya ujana, kavaa medali! Amesikia ukurasa wa Kumbukumbu uko wazi. Utepe haumsumbui hata kidogo, eti matanga atayavumilia.

Nimeinuka kitandani bila kushikwa. Salomat amepiga kelele, sikugeuka. Nimemwambia Nigora anirudishe ukurasa ule leo hii, utepe na vyote, niwe marehemu. Na Sobirjon abaki pale pale kwenye picha ya ukucha, miongoni mwa walio hai. Mungu ampe umri mrefu, mrefu sana.