Malalamiko Kuhusu Vidole Vyangu Kumi Ambavyo Mashine Yenu Haivioni

Mheshimiwa Mkuu wa Ofisi ya Vibali vya Kazi,

Pole na majukumu. Mimi ni saidia fundi katika jengo linalojengwa nyuma ya ofisi yako. Ni mgeni nchini, na shule niliiacha mapema, kwa hiyo ukikuta herufi imelala usiiamshe. Kibali changu kinaisha mwezi huu. Kikiisha kabla sijapata kipya, nitapakiwa kwenye basi nirudishwe kwa mke wangu na watoto, ambao wote wanakula kwa mikono hii. Tatizo ni kwamba mashine yenu inasema mikono hii haina mwenyewe.

1. Dada wa dirishani aliniambia niweke vidole kwenye kioo. Nikaweka. Akasema, "Baba, weka vizuri." Nikaweka vizuri. Akasema, "Weka vyako basi," kana kwamba nimeazima vya jirani. Taa ikawaka nyekundu. Kumbe saruji imekula mistari yote, vidole vimebaki laini kama mgongo wa kijiko.

2. Nikashauriwa nisiguse saruji mpaka mistari iote tena. Lakini ombi hilo hilo la kibali linataka barua ya mwajiri kwamba niko kazini. Maana yake nifanye kazi bila kushika kitu. Nilimpelekea nyapara wangu wazo hilo. Alijibu kwamba kazi ya namna hiyo ipo moja tu pale, na anaifanya yeye.

3. Dada alisema pia nipake mafuta. Nikapaka. Ndoo ya zege ikanichomoka, ikatua kwenye mguu wa nyapara. Tangu hapo salamu zangu haitikii.

4. Chumbani tunalala wengi. Sukari ilipopungua, wote walinigeukia: "Wewe bwana ukiiba, hata polisi hawana pa kuanzia." Na nilipomwambia mke wangu kwa simu kwamba huku wanasema sina vidole, laini ikakatika hapo hapo. Mama mkwe alilia mpaka jioni, majirani wakaja kutoa pole.

Kwa hiyo naomba moja kati ya haya. Mchukue alama za vidole vya miguu, ambavyo viatu vimevitunza vizuri. Nilikuja navyo vimeoshwa, lakini askari wa mlangoni alinitoa nje kiatu kikiwa mkononi. Ikishindikana, kaka yangu mkubwa yuko nyumbani, tumbo moja na mimi, na vidole vyake ni vipya kabisa, havijawahi kutumika. Aje aweke yeye, kibali kiwe chake, kazi niendelee nayo mimi, kama ambavyo tumeishi siku zote.

Na hilo nalo likiwa gumu, geuzeni sheria. Mtu akiomba kibali cha kazi na mistari yake ni mizima kama ya kichanga, mwulizeni alikuwa akifanya nini maisha yake yote. Asiye na mistari apewe kibali papo hapo, maana ushahidi kaja nao. Hapa sisemi vidole vya mtu yeyote wa ofisini.

Nisalimie dada wa dirishani, askari wa mlangoni, na mashine pia. Sina kinyongo nayo.

Ni mimi mwombaji wako, niliyevihesabu tena leo na vyote vipo,

Saidia Fundi, ghorofa ya juu kabisa

Nyongeza: Barua hii ilikaa mfukoni nikitafuta bahasha. Huku nyuma nyapara alisikia kibali changu kinaisha, akaniachisha kazi. Nimekaa chumbani bila kugusa kitu, na mistari imeota yote. Jana mashine ilinikubali bila kusumbua, taa ikawa ya kijani, dada akapiga makofi, kisha akaniomba barua ya mwajiri. Kwa hiyo yote ya hapo juu yafuteni: vidole ninavyo, kazi sina. Lakini nimeona vigae vimeng'oka chini ya dirisha lenu. Niajirini nivipachike, na barua mniandikie nyinyi wenyewe. Ila alama zangu mzichukue kabla sijakoroga saruji.