Baba wa Kuchaji

Jumatatu, 3 Machi

Mume wangu anarudi Jumapili! Amepiga simu kutoka kambini, huko wanakochonga barabara, sauti inakatika-katika kama kawaida. Nimeruka mpaka ndala moja ikaingia uvunguni.

Furaha haikufika jioni. Wifi yangu, dada yake mume, ambaye tunakaa naye ua mmoja, kanipa pole kabla ya msiba. Eti kaka yake alimwacha Kibonge wangu akiwa wa kulala tu, sasa anatambaa na ana meno, basi atamlilia baba yake kama kaona mwizi. "Jiandae, wifi. Mtoto atakimbilia kwangu. Mimi ndiye damu anayoijua."

Nikakimbilia kwenye grupu letu la simu, Wadadisi wa Sayansi. Shule niliiacha mapema, lakini mle ndani haulizwi mtu cheti. Kinyozi, mwenye grupu, alikuwa ameweka habari ya kunguru: kumbe wanakumbuka sura ya mtu kwa miaka! Nikauliza, na mtoto wa miezi tisa je? Nesi mstaafu akajibu kwa kirefu. Kwamba watoto hutambua harufu na sauti mapema sana, kwamba umri huu huogopa wageni na si ugonjwa, kwamba apewe muda.

Nimechukua harufu na sauti. Muda sina.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa harufu. Nikatoa shati lake la kazi sandukuni. Ole wangu! Nililifua mwenyewe, tena kwa mapenzi. Linanuka sabuni tu.

Sikukata tamaa. Mume wangu siku zote alinuka oili. Nikaenda kwa fundi magari wa pale kona, nikaomba tambara lililotumika. Akauliza la gari gani. Nikasema la mtoto. Akanipa bila kuuliza tena, akanitazama mpaka nikapotea machoni.

Nikalitundika juu ya kitanda. Kibonge kapiga chafya mpaka kachoka. Wifi akaingia, akanusa, akafunga mlango taratibu, akainama kuchungulia uvunguni. Akauliza kwa kunong'ona huyo fundi nimemficha wapi. Nikamwambia hii ni sayansi, wifi. Akasema ahaa, siku hizi inaitwa hivyo.

Tambara limerudi kwa mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi

Sauti! Kwa nini sikuanza na sauti? Ninazo jumbe zake zote za kusikiliza. Kusema kweli si maneno ya mapenzi. Anauliza kama mvua imenyesha, anasema mtandao unasumbua, anakohoa. Lakini ni yeye.

Namwekea Kibonge azisikilize kila akila uji. Leo kaacha kijiko, kakodoa macho, kacheka, kailamba simu yote. Nikaandika kwenye grupu: jaribio linakwenda vizuri. Neno "jaribio" nililitafuta makusudi. Kinyozi kanipigia makofi ya picha. Nesi kauliza jambo moja tu: mtoto anaizoea sauti, au anaizoea simu?

Wivu huo. Wasomi wana wivu jamani.

Jumamosi, 8 Machi

Kasema "baba"! Wazi kabisa! Nimelia jikoni, uji ukaungua.

Kaiambia simu.

Baadaye kaiambia simu ya wifi pia. Kisha rimoti. Wifi kacheka mpaka kakaa chini, kasema hongera, kaka zangu sasa wako watatu. Nikamjibu kwamba mtoto anapanua utafiti.

Lakini nilipobaki peke yangu na vyombo nikawaza. Simcheki mtoto. Hata mimi, miezi yote hii, mume wangu ni kitu cha kuchaji. Akizima naogopa. Nikimweka kwenye umeme nafsi inatulia. Huenda ameshanizoea hivyo na yeye, mke wa mfukoni. Je, kesho tutajuana?

Jumapili, 9 Machi

Kaja. Kakonda, ndevu kama za mtu mwingine. Kanyosha mikono, kasema, "Njoo kwa baba."

Kibonge kaisikia sauti. Akaangalia simu mezani. Akaangalia mdomo wa yule mtu. Sauti inatoka mahali pasipo pake! Akapiga ukelele, majirani wakachungulia. Kila baba akibembeleza, mtoto anazidi. Mume wangu akaacha kusema. Akaenda kukaa kizingitini kwa nje, anafungua kamba za viatu polepole, kama mtu asiyejua kama avivue au aondoke.

Wifi hakunicheka. Alifuta macho kwa kiganja. Hapo ndipo nilipoogopa hasa.

Sikuwa na mpango wowote. Nikatandika mkeka, nikamwambia jilaze tu, umechoka. Akajilaza na nguo za safari, akalala palepale, akakoroma. Kibonge kanyamaza. Katambaa, kakomea mbali, kasogea. Kamzunguka kama anakagua godoro. Mwishowe kamtia kidole mdomoni, atafute mlio unatoka wapi.

Mume wangu kafungua jicho moja. Hakutikisika. Machozi yakamtoka yakaingia sikioni, na kidole bado kimo mdomoni. Wifi kanishika mkono kwa nguvu.

Jumatano, 12 Machi

Kibonge hambanduki baba yake. Akienda msalani, kilio mlangoni. Wifi kaona wivu waziwazi, na mimi kidogo.

Nimetoa taarifa kwenye grupu: jaribio la harufu na sauti limefaulu. Kinyozi kafurahi. Nesi kauliza tena, kwa upole: si ni pale baba alipolala tu mkekani na mtoto akaachwa amsogelee mwenyewe? Nikamshukuru, nikasema hilo nalo lilisaidia kidogo.

Jumamosi mume wangu anarudi kambini. Imeniuma, lakini safari hii nimejipanga! Nimegundua kosa lilikuwa wapi: simu ni ndogo, na ilikuwa na sauti bila sura. Kwa hiyo tangu asubuhi namrekodi kwa video, anakula, anacheka, anakoroma. Wifi nimemwomba tableti yake, ile yenye kioo kipana. Alimtazama kaka yake, akanipa.

Akirudi tena, Kibonge atakuwa na baba mkubwa zaidi.